Namna ya kuendesha vikao vya kesi za afya ya akili mtandaoni: mwongozo kwa wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini

Mgonjwa wa Ludewa au Makete akiambiwa aende Mbeya kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya akili, familia huanza kwa kuhesabu nauli, chakula cha njiani na nani atabaki na watoto. Wengi hawafiki. Anayebaki nao ni muuguzi au tabibu wa hospitali ya wilaya, mara nyingi akiwa peke yake hapo mwenye mafunzo ya afya ya akili, na akikwama hana wa kumuuliza. Kikao cha kesi mtandaoni ni cha mtu huyo. Kikao kinachomfaa bingwa anayependa kufundisha kuliko tabibu aliyekwama kimeshapotoka, hata kikijaza watu hamsini.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Mwaka 2003 Dkt. Sanjeev Arora, bingwa wa ini wa Chuo Kikuu cha New Mexico huko Marekani, alianza kukutana kwa video na wahudumu wa vijijini waliokuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, maana foleni ya kumwona yeye ilikuwa ya miezi. Mpango huo ukaitwa ECHO. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wagonjwa waliotibiwa kwa njia hiyo walipona sawasawa na waliotibiwa kliniki ya chuo. Somo fupi lilikuwepo, lakini uti wa mgongo wa kikao ulikuwa kesi za wagonjwa halisi, na watu walikuwa walewale kila mara. Tangu hapo mtindo huo umeenea nchi nyingi na kwenye magonjwa mengi, afya ya akili ikiwemo.

Yanayofuata ni kwa anayetaka kuanzisha kikao cha namna hiyo baina ya vituo vya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na jirani zao.

1. Pata watu, kisha pata saa

Anza na watu wanane hadi kumi na watano. Wakizidi hapo, wanaozima kamera na kuendelea na shughuli zao wanaongezeka, na mwasilishaji hajui anaongea na nani. Changanya kada: wauguzi wa afya ya akili, matabibu, maafisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia kama yupo, mfamasia, na daktari bingwa mmoja au wawili. Mfamasia husahaulika sana, na ndiye anayejua dawa gani imeisha stoo.

Orodha ya wanachama iwe imefungwa. Mgeni aingie kwa kutambulishwa na kukubaliwa kabla, hata akiwa mwanafunzi wa udaktari, hata akiwa mkubwa wa mtu.

Chagueni watu wawili wa kudumu: mwendeshaji na katibu. Mwendeshaji asiwe yule mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya 5. Muuguzi mzoefu anayejua kumkatisha mtu bila kumvunjia heshima anaifanya kazi hii vizuri kuliko maprofesa wengi.

Kuhusu saa, epuka asubuhi ya kliniki na epuka Jumatatu. Ukituma mwaliko andika saa kwa namna zote mbili, "saa 8 mchana (14:00)". Kalenda ya simu haijui saa ya Kiswahili, na mtu akiweka 8:00 ataingia asubuhi, akute pametulia, adhani kikao kimeahirishwa. Kama kuna mwenzenu aliye masomoni Ulaya, mkumbushe kwamba wenzetu wa huko husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi.

2. Chombo

Hapa sitakaa sana. Zoom ya bure hukata baada ya dakika 40. Google Meet ya bure huruhusu kikundi dakika 60. Dakika 40 zinatosha kesi moja, na kwa maoni yangu kikomo hicho kinasaidia, kwa sababu kinawafanya watu waseme la maana mapema. Washa chumba cha kusubiria ili mwendeshaji aruhusu mmojammoja, zima uwezo wa kurekodi, na wote wakishaingia funga mlango wa kikao.

Kinachokula bando ni video. Wote wawashe kamera kwenye utambulisho tu, ili mjue kila jina lina uso, kisha anayeongea ndiye awashe. Mvua ikipiga na mtandao ukayumba, hamieni kwenye sauti pekee. Na mwasilishaji atume karatasi yake kwa katibu siku moja kabla, ili umeme ukikatika kwake katikati ya maelezo katibu aweze kuendelea kusoma.

Anayeingia awe kwenye chumba chenye mlango, na atumie spika za masikioni. Aliye ndani ya basi asiingie kabisa. Abiria wa siti ya jirani hana kiapo cha siri.

3. Idhini, na kumficha mgonjwa kwelikweli

Hatua hii ndiyo watu huipita haraka, na ndiyo inayoweza kuvunja familia ya mtu.

Mwombe mgonjwa ruhusa kwanza, kwa maneno ya kawaida: "Nataka kuwauliza wenzangu wa hospitali nyingine juu ya matibabu yako. Sitataja jina lako wala kijiji chako. Ukisema hapana, dawa na huduma zako zinaendelea vilevile." Mweleze ni watu wa aina gani watakaosikia. Akikubali, asaini fomu ibaki kwenye faili. Kama kwa sasa hawezi kuamua kutokana na ugonjwa, ongea na ndugu anayemsimamia, kisha akipata nafuu rudi kwake mwenyewe umweleze na umuulize upya. Mgonjwa aliyekuwa amechanganyikiwa mwezi uliopita ni mtu mwenye kauli mwezi huu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na ina masharti pia juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kwa hiyo kama mnamwalika mtaalamu aliye nje, au mnahifadhi mafaili kwenye akaunti ya mtandaoni, ongeeni kwanza na uongozi wa hospitali. Msianze kwa siri mkitegemea kuomba radhi baadaye.

Sasa kuficha. Kufuta jina hakutoshi huku kwetu. Tuseme mtu ameandika hivi: "Mwalimu mkuu, mwanamke, miaka 47, shule ya msingi kando ya Ziwa Nyasa, mumewe alifariki kwenye ajali Mlima Kitonga." Jina halipo, lakini nusu ya wilaya imeshamjua. Iandike hivi: "Mtumishi wa umma, mwanamke, umri wa miaka ya arobaini, alifiwa na mwenza ghafla chini ya mwaka mmoja uliopita." Kwa upande wa matibabu hakuna kilichopungua. Kipimo ni hicho: kila taarifa unayoiacha, jiulize kama ikiondolewa ushauri utabadilika. Usipobadilika, iondoe. Ila usibadilishe ukweli wa kitabibu ili kuficha. Usimgeuze mwanamke kuwa mwanamume, maana kuna dawa ambazo jibu lake linategemea hilo, kama utakavyoona mbele.

Jina la ukoo peke yake nalo linaongea. Ukisema Sanga, watu wanawaza Makete. Ukianza na Mwa-, wameshafika Rungwe na Kyela. Usitumie hata herufi za mwanzo. Tumia namba ya kikao.

Mambo mengine yanayovujisha:

– Picha ya kipimo cha kichwa ambayo kwenye kona ina jina na namba ya faili. Kata kona hiyo kabla hujaituma.
– Video ya mgonjwa akiwa kwenye degedege au akiwa amefungwa. Isipelekwe kwenye kikundi kabisa. Eleza kwa maneno ulichokiona.
– Kundi la WhatsApp. Litumike kukumbushana siku na saa basi. Picha inayoingia humo hujihifadhi kwenye simu, ikapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na jioni simu hiyohiyo wanaichezea watoto.

Kabla kesi haijaanza, mwendeshaji aulize kama kuna anayehisi kumjua mgonjwa kwa maelezo ya juu. Aliyepo amwandikie mwendeshaji faragha, kisha atoke bila kueleza sababu. Na kama mgonjwa ni mtumishi wa afya wa mkoa huu, kesi yake isiletwe hapa. Bingwa aongee na mwenzake wa mbali, wawili tu.

Kuna jingine la kukumbuka kuhusu waliojaribu kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa. Muhtasari wa kikao unaotaja mahali na tarehe unaweza kumletea mtu shida ambayo hakuna kati yenu aliyeitaka. Andika hali yake ya hatari na mpango wa kumlinda. Mengine yabaki kwenye faili la hospitali.

4. Karatasi moja, na juu yake swali

Mwasilishaji aandike ukurasa mmoja tu. Mstari wa kwanza kabisa uwe swali lake. "Naomba maoni" si swali. "Mgonjwa huyu ni mgumu" nayo ni malalamiko, ingawa ni ya haki. Swali ni kitu ambacho jibu lake litabadilisha utakachofanya keshokutwa mgonjwa akirudi.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wa aina hii tunao wengi. Mkoani Njombe utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulipata maambukizi ya VVU ya juu kuliko mikoa yote, 12.7% ya watu wazima. Kifafa nacho huku hutibiwa kwenye kliniki zetu za afya ya akili. Kwa hiyo anakuja mama wa miaka ya thelathini, anatumia TLD (kidonge cha VVU chenye dolutegraviri ndani yake), na tangu miezi mitatu iliyopita anaanguka degedege. Tabibu amemwanzishia kabamazepini, dawa ya kifafa.

Karatasi mbaya inaandika historia ndefu, inamalizia "tuendelee na dawa ileile?" Wajumbe wanasema ndiyo, wanashukuru, kikao kinaisha.

Karatasi nzuri inaanza hivi: "Anatumia TLD na kabamazepini. Je, dawa hizi zinapatana, na kama hazipatani nina njia gani kwa dawa nilizonazo stoo?" Hapo mfamasia anaamka. Kabamazepini inaharakisha ini kuiondoa dolutegraviri mwilini, kiwango cha dawa hiyo ya VVU kikashuka. Ikiwa lazima zitumike pamoja, dolutegraviri inahitaji kuongezwa hadi mg 50 mara mbili kwa siku, na hilo linaamuliwa na kliniki ya VVU, si sisi peke yetu. Mtu mwingine anapendekeza dawa nyingine ya kifafa, valproeti. Anakumbushwa kuwa mama yuko umri wa kuzaa, na dawa hiyo ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Fenobabitoni ipo kila mahali, lakini nayo inaishusha dolutegraviri. Levetirasetamu ingefaa, je, inapatikana wapi, na kwa bei gani? Kisha afisa ustawi wa jamii anauliza swali ambalo madaktari hawakuliwaza: nguruwe wa kijijini kwao wanafungiwa bandani au wanazurura? Maana mayai ya tegu la nguruwe yakimwingia mtu, mabuu yake yanaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa, na tatizo hilo limethibitishwa na watafiti Mbozi na Mbeya Vijijini. Kumbe kabla ya kubishana juu ya dawa, huyu mama anahitaji kipimo cha kichwa. Na kwa kuwa ana VVU na degedege limeanza ukubwani, kipimo hicho kilitakiwa hata kama nguruwe wangekuwa bandani.

Yote hayo yametoka kwenye swali la mistari miwili.

Chini ya swali karatasi iwe na haya, kwa ufupi: umri wa jumla na jinsia, kilichomleta na tangu lini, dawa anazotumia zote, za hospitali na za kienyeji, magonjwa mengine, pombe, vipimo vilivyofanyika, hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, nani anakaa naye nyumbani, na dawa zilizopo kituoni kwako. Kipengele hicho cha mwisho kinaokoa muda mwingi. Lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, ni dawa nzuri, lakini kama maabara yako haiwezi kupima kiwango chake kwenye damu, ushauri wa kuianzisha ni wa kuning'inia hewani.

Kwenye pombe usiandike "anakunywa". Andika anakunywa nini, kiasi gani, na lini aliacha. Iringa na Njombe ulanzi una msimu wake wakati wa mvua, na mtu aliyekuwa akinywa kila siku anaweza kuacha ghafla kwa sababu umepungua au kwa sababu amelazwa kwa mguu uliovunjika. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha, hiyo ni dharura ya kitabibu. Haisubiri kikao wala haitibiwi kama kichaa kipya.

Waganga na maombi viandikwe bila dhihaka. Familia nyingi zimepita huko kwanza, na ukiuliza kwa heshima utajua walipewa nini kunywa na kama wataendelea kurudi.

5. Dakika 40 zenyewe

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Dakika 5 za kwanza mwasilishaji anasoma swali, kesi, kisha swali tena. Dakika 10 ni za maswali ya kufafanua tu, anayeanza kutoa ushauri hapa mwendeshaji amzuie kwa upole: "Dokta, hiyo tunaihitaji, itunze kidogo." Dakika 15 za mjadala, na mwasilishaji ananyamaza, anasikiliza na kuandika. Kumnyamazisha ni desturi iliyotoka kwenye vikundi vya Balint, vilivyoanzia London miaka ya 1950 kwa ajili ya madaktari wa kawaida. Ina faida moja kubwa: mtu asiyelazimika kujitetea anasikia zaidi. Dakika 5 mwasilishaji anasema lipi anaweza kulifanya na lipi haliwezekani kwake. Tano za mwisho katibu anasoma mapendekezo, yasizidi manne.

Kuhusu nani aongee kwanza: sisi tumelelewa kuheshimu wakubwa, na ni vizuri. Lakini kwenye kikao cha kesi heshima hiyo ina gharama. Bingwa akishasema "hii ni skizofrenia", hakuna muuguzi wa Kilolo atakayefungua maiki aseme kwamba anaona dalili za tezi ya shingoni au za homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwendeshaji aite kwa majina, akianza na wa chini: "Sista, wewe wa wodini unamwonaje?" Kisha tabibu, kisha ustawi wa jamii, na bingwa mwisho. Mwambieni bingwa kanuni hii kabla, faraghani. Wengi huifurahia, kwa kuwa wamechoka kuongea peke yao.

Maswali ya kumpima mwasilishaji, "ulisahauje kupima malaria?", yakatazwe. Lilelile lisemwe hivi: "Malaria imeshaondolewa?" Mtu akiaibishwa mara moja mbele ya wenzake wa mikoa mitano, wiki ijayo mtandao wake utakuwa mbovu, na wiki inayofuata pia.

6. Yasiyoletwa kikaoni

Dharura. Mgonjwa anayesema atajiua usiku huu, aliyeacha kula na kunywa, mwenye homa na kuchanganyikiwa: piga simu, toa rufaa, msindikize. Ngazi zipo, kutoka kituo hadi hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, ya kanda pale Mbeya, na hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iliyoko Dodoma kwa wanaohitaji. Orodha ya namba za zamu za wanachama iwe ukutani ofisini.

Ikitokea mgonjwa aliyewahi kujadiliwa akajiua, wekeni kikao cha pekee, bila karatasi, bila swali la dawa. Aliyekuwa akimtibu aongee akitaka, akae kimya akitaka. Uchunguzi wa nini kingefanyika tofauti uje baada ya wiki kadhaa, na usiendeshwe na msimamizi wake wa kazi.

7. Baada ya kikao

Katibu atume mapendekezo kwa mwasilishaji ndani ya siku moja, kwa namba ya kikao tu. Mwasilishaji ndiye anayeamua lipi la kufuata, kwa kuwa ndiye aliyemwona mgonjwa na ndiye anayewajibika. Kwenye faili aandike kwamba aliomba ushauri, alipata ushauri gani, na ameamua nini. Karatasi zilizobaki kwenye simu na barua pepe za wajumbe zifutwe. Katibu ahifadhi nakala moja kwenye kompyuta ya kazini yenye nywila.

Baada ya wiki nne kesi irudi kwa dakika tatu mwanzoni mwa kikao: amekuja kliniki? Dawa ilipatikana? Kipimo kilifanyika? Dakika hizo msizikate hata siku mkichelewa, maana hapo ndipo mnajua kama ushauri wenu unafika kijijini au unaishia kwenye skrini. Mapendekezo yakishindikana mara tatu kwa sababu ileile, kwa mfano dawa fulani haifiki vituo vya Makete, hilo si suala la kesi tena. Katibu aliandike kwa mfamasia wa mkoa na mratibu wa afya ya akili wa mkoa, likiwa na idadi ya wagonjwa walioguswa na bila taarifa zao.

Mwisho, katibu awe na kesi moja ya akiba kila wiki. Mwasilishaji ataitwa wodini, au gari la rufaa litaondoka naye, na watu kumi na wawili watakuwa wamekaa mbele ya simu wakisubiri.